Kila Upinde na Mshale Wake

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli shambani, kwa maana mvivu huona kasoro katika kila jembe apewalo. Lakini kwa mpiga mishale methali hiyo haifai. Asiyechagua mishale yake, hata akiwa na jicho la mwewe na mkono usiotetemeka, hafumi shabaha ila kwa bahati.

Mara nyingi huonekana kijana aliyejipatia upinde mzuri akisimama mbele ya gunia lililojazwa nyasi, umbali wa hatua ishirini tu. Mshale wa kwanza hupiga katikati. Wa pili huenda kushoto kiasi cha shubiri. Wa tatu, ingawa amevuta vilevile na kulenga vilevile, hugonga upinde unapotoka, ukalia, ukaanguka kando. Hapo huanza kulaumu. Kwanza hulilaumu jicho lake, kisha upinde, na mwisho hutoa fedha nyingine akanunua upinde wenye nguvu zaidi. Na huo nao humtendea vibaya kuliko ule wa kwanza. Kumbe kosa halikuwa katika jicho wala katika upinde. Kosa lilikuwa katika kijiti chenyewe cha mshale, yaani wano. Moja lilikuwa gumu mno, jingine laini mno, na moja tu lilipatana na upinde ule.

Jambo hili si dogo. Mshale usiopatana na upinde hupoteza shabaha na fedha, na zaidi ya hayo huweza kumwumiza mtu. Wano dhaifu likisukumwa na upinde wenye nguvu huweza kuvunjika papo hapo, na vipande vyake vikachoma mkono ulioshika upinde. Kwa hiyo yafaa kila apendaye mchezo huu ajue mshale hufanya nini unapotoka, na namna ya kuupima kabla ya kuutumia.

MSHALE HUPINDIKA

Watu wengi hudhani kwamba mshale mzuri ni ule ulio mgumu kama chuma, usiopindika hata kidogo. Sivyo. Mtu akiutazama upinde wa kale, ambao mpini wake haukukatwa nafasi ya kupitisha mshale, ataona tatizo lenyewe. Ugwe hurudi kwa nguvu kuelekea katikati ya mpini, lakini mshale hauwezi kupita katikati kwa sababu hapo pana mti. Hapana budi ulazwe kando: upande wa kushoto, kwa mtu avutaye kwa vidole vya mkono wa kulia. Ugwe ukivutwa nyuma sana, mshale huelekea karibu sawa na shabaha. Lakini ugwe unaporudi, mkia wa mshale hukaribia mpini, na kwa hesabu ya macho tu mshale wote ungepaswa kugeukia kushoto. Hata hivyo mshale uliochaguliwa vema huenda mbele sawasawa.

Mafundi wa kale waliyajua hayo kwa matokeo yake, lakini hakuna jicho la mtu liwezalo kuona mshale unapotoka. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, wataalamu kama Clarence Hickman na Paul Klopsteg waliuchunguza upinde kwa vipimo vya kisayansi, na picha zilizopigwa kwa kasi kubwa zikaonyesha siri hiyo. Vidole vinapoachilia, ugwe huteleza kwenye ncha za vidole na kusogea kidogo kushoto. Mkia wa mshale husukumwa upande huo, na kwa kuwa ncha ya mbele ni nzito na haijapata mwendo, wano hupindika katikati kuelekea mpini. Mara hurudi na kupindika upande wa pili, likajitenga na mpini. Manyoya ya nyuma yafikapo penye mpini hukuta nafasi iliyo wazi, yakapita bila kugusa. Mshale huuzunguka mpini kama nyoka apitaye kando ya jiwe, kisha mitikisiko yake hupungua na kuisha angani.

Basi ndipo ionekanapo maana ya ugumu wa wano. Likiwa gumu mno, halipindiki vya kutosha. Mshale huugonga mpini au hutupwa kushoto. Likiwa laini mno, hupindika kupita kiasi. Mshale huenda kulia, au hutapatapa angani na kupoteza nguvu. Likiwa la kadiri, mitikisiko yake hulingana na muda ule mfupi wa kuupita mpini. Kadiri hiyo haimo katika mshale peke yake wala katika upinde peke yake. Imo katika mapatano yao, na kwa sababu hiyo mshale uliomfaa baba huweza kumshinda mwanawe aliye na upinde mwingine.

KARANI WA KITURUKI MJINI LONDON

Miongoni mwa watu waliofikia ustadi mkubwa katika mapatano hayo ni Waturuki. Upinde wao ulikuwa mfupi, nao uliundwa kwa vitu vinne: mti katikati, pembe upande unaomwelekea mpigaji, kano za mnyama upande wa mbele, na gundi ya kuviunganisha. Ncha zake zilikunjwa kwenda mbele, na ugwe ulipovuliwa upinde wote ulijikunja kinyume. Upinde wa namna hiyo huhifadhi nguvu nyingi katika umbo dogo, na huurusha mshale kwa kasi kuliko upinde ulionyooka wenye uzito uleule wa kuvuta.

Katika miaka ya 1790, Mahmud Efendi, aliyekuwa karani wa balozi wa Uturuki mjini London, aliwaonyesha Waingereza wapendao mchezo huo uwezo wa upinde wa kwao. Alirusha mshale yadi 415 akiukabili upepo, na yadi 482 akiufuata. Watazamaji walistaajabu, kwa maana umbali huo ulizidi sana ule waliouzoea kwa pinde zao wenyewe. Naye hakuwa askari wala mpigaji maarufu, bali mtu wa kalamu.

Mtu aweza kudhani kwamba siri yote ilikuwa katika upinde. La, nusu ya siri ilikuwa katika mshale. Mishale ya Waturuki ya kurusha mbali ilikuwa mifupi, myembamba na myepesi, minene kidogo katikati na yenye kupungua kuelekea ncha zote mbili. Umbo hilo lina akili. Katikati ndipo wano hupindika zaidi, kwa hiyo ndipo panapohitaji unene. Kwenye ncha unene ungekuwa mzigo wa bure. Tena mshale mfupi ni mgumu kuliko mrefu wa unene uleule. Ili kuutumia mshale mfupi bila kupunguza mvuto, walifunga kwenye mkono wa kushoto kibao chenye mfereji, mshale ukapita juu yake hata ncha yake ilipovutwa nyuma ya mpini. (Waturuki huvuta kwa kidole gumba kilichovikwa pete, na mshale hulazwa upande wa kulia; kwa hiyo mpigaji wa namna hiyo na ayageuze maelezo yote ya kushoto na kulia yaliyomo humu.)

Elimu hiyo ilikaribia kupotea bunduki ilipouondoa upinde vitani. Sultani Mahmud wa Pili, aliyetawala tangu 1808 hata 1839, aliupenda sana mchezo huo, akamwagiza Mustafa Kani aandike yote yaliyojulikana juu ya pinde, mishale na mafunzo yake. Kitabu chake kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1847. Baadaye Joachim Hein alikieleza kwa Kijerumani, na kutokana na kazi hiyo Klopsteg, yule mtaalamu wa Marekani, alitoa kitabu chake juu ya upinde wa Kituruki mwaka 1934. Laiti yasingeandikwa, pinde zingebaki katika majumba ya makumbusho, wala asingekuwapo mtu wa kujua ni mshale gani unaozifaa.

KATIKA NCHI YETU

Hapa Kenya pia upinde una historia ndefu. Wakamba walisifika kwa mishale yao, na Waata wa nyika za Tsavo na Galana waliwinda hata ndovu kwa pinde ndefu zenye kuvutwa kwa nguvu ya ratili 100 na zaidi. Pinde hizo hazikuwa za ncha zilizokunjwa, lakini sheria ya mshale ni ile ile. Upinde wa nguvu namna hiyo haukubali kijiti chochote kilichookotwa njiani. Tena mshale wenye kigumba cha chuma na sumu mbele yake una kichwa kizito, na kichwa kizito hulifanya wano lipindike zaidi. Fundi asiyelichagua wano kwa mkono na jicho asingeweza kurudi nyumbani na nyama.

Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na tangu hapo upinde ni chombo cha mchezo na mashindano. Mwaka 2016 Shehzana Anwar, mpiga upinde, aliibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Upinde utumikao katika Olimpiki ni wa ukoo huo huo wa ncha zilizokunjwa, ijapokuwa una vifaa vingi vya kisasa. Lakini apendaye upinde wa mti na mishale ya mti hana vifaa hivyo. Yeye hutegemea kulichagua wano lake vema.

JINSI YA KUPIMA WANO

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mtu yeyote mwenye ubao, misumari miwili na rula aweza kukifanya nyumbani. Wapiga upinde wa mishale ya mti wangali wakitumia inchi na ratili, lakini hesabu yenyewe hufanyika kwa milimita bila taabu.

Kwanza, misumari miwili ipigiliwe katika ubao uliosimamishwa ukutani, kwa usawa mmoja, umbali wa milimita 660 kati yake, ndizo inchi 26. Wano lilazwe juu ya misumari hiyo. Pili, mfuko mdogo wa mchanga uliopimwa dukani kuwa gramu 907, ndizo ratili 2, uning'inizwe katikati ya wano. Tatu, ipimwe kwa rula katikati ya wano imeshuka milimita ngapi kutoka mahali ilipokuwa kabla ya uzito kutundikwa. Mwisho, 660 igawanywe kwa milimita hizo.

Wano likishuka milimita 15, jibu ni 44. Likishuka 13, jibu ni karibu 51. Likishuka 11, jibu ni 60. Hesabu hii huitwa ratili za wano, si kwa sababu wano lina uzito huo, bali kwa sababu ni dalili ya nguvu ya upinde unaolifaa kwa kuanzia. Kila wano liandikwe hesabu yake kwa penseli, na mishale ya seti moja isipitane zaidi ya ratili 5. Kijana yule wa mwanzo, kama angalifanya kazi hii ya jioni moja, angaligundua kwamba mishale yake mitatu haikuwa ndugu.

Nyuzi za mti nazo zitazamwe. Wano huwa gumu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa jinsi pete za mti zilivyolala. Upande mgumu ndio uelekezwe kwenye mpini wa upinde, na kipimo kifanywe kwa upande huo huo. Mti ufaao ni ule mwepesi, uliokauka vema, wenye nyuzi zilizonyooka tangu mwanzo hata mwisho, kama ilivyo misonobari mizuri.

KULINGANISHA NA UPINDE

Baada ya kulijua wano, yafaa kuujua upinde. Nguvu iliyoandikwa juu ya upinde kwa kawaida ni ya mvuto wa inchi 28. Mtu avutaye pungufu hupata nguvu pungufu, na avutaye zaidi hupata zaidi. Katika pinde za kadiri tofauti ni kama ratili 2 au 3 kwa kila inchi. Njia ya hakika ni kuushika ugwe kwa ndoana ya mizani ya kuning'iniza, kuuvuta hadi mahali mpigaji afikishapo, na kuisoma mizani.

Tuseme mizani imeonyesha ratili 40. Mwanzo ni wano la 40. Kisha mambo haya yaangaliwe. Mshale ukizidi urefu wa inchi 28, huongezwa kama ratili 5 kwa kila inchi, kwa maana mrefu hupindika zaidi. Kigumba kikiwa kizito, huongezwa pia. Upinde ukiwa wa ncha zilizokunjwa, wenye kurusha kwa kasi, mafundi wengi huongeza kama 5. Mpini ukiwa umekatwa hata mshale ukapita karibu na katikati, huongezwa tena, kwa sababu mshale hauna haja ya kupindika sana. Bali mpini ukiwa mnene na usiokatwa, kama ulivyo katika pinde za kale, hupunguzwa. Hivyo upinde wa ratili 40, uliokunjwa ncha, wenye mpini wa kadiri na mshale wa inchi 29, waweza kuhitaji wano la 50. Haya yote ni mwanzo tu, wala si sheria ya mwisho. Hakimu ni shabaha.

KUMSIKILIZA HAKIMU

Ili kupata hukumu ya kweli, mpigaji huandaa mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya, yote ikiwa na wano la namna moja. Huanza karibu, hatua kumi, mbele ya kizuizi laini. Manyoya hurekebisha makosa ya mshale angani. Mshale usio nayo husema ukweli. Kwa mtu avutaye kwa vidole vya mkono wa kulia, mishale isiyo na manyoya ikiangukia kushoto kwa ile mingine, wano ni gumu mno. Ikiangukia kulia, wano ni laini mno. Ikikaa pamoja na ile mingine, mapatano yamepatikana.

Wano gumu hulainishwa kwa kutia kigumba kizito zaidi, au kwa kulipiga msasa. Lakini msasa utumike kwa hadhari. Ugumu wa kijiti cha mviringo hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Wano lililozidi jingine kwa unene wa sehemu moja katika kumi tu hulizidi kwa ugumu karibu nusu nzima. Kwa hiyo msasa kidogo huleta badiliko kubwa, na mti uliokwisha kuondolewa haurudi. Wano laini huimarishwa kwa kigumba chepesi au kwa kulifupisha. Hata hivyo mshale usifupishwe kamwe ukawa mfupi kuliko mvuto wa mpigaji, kwa maana ncha itarudi nyuma ya mpini na kuutoboa mkono. Wale Waturuki walikuwa na kibao chao na mafunzo ya miaka mingi. Asiye navyo asiwaige.

Uzito nao usisahauliwe. Mshale mwepesi kupita kiasi huuacha upinde ujipige wenyewe, na upinde huweza kupasuka. Kwa upinde wa ratili 45 hadi 50, mshale wa mti wa karibu wakia moja, yaani gramu 28, ni wa kadiri njema. Kwa sababu hiyo hiyo ugwe usiachiliwe kamwe bila mshale.

Tena kabla ya kila mchezo, kila wano lishikwe ncha zote mbili, lipindwe taratibu na kuzungushwa karibu na sikio. Likilia, au ukionekana ufa hata mwembamba kama unywele, livunjwe vipande viwili na kutiwa motoni, hata kama ni jipya na la bei. Bei ya wano haifiki bei ya mkono.

Apimaye hivyo huenda asiwe mpigaji hodari kwa siku moja, maana mkono huhitaji mazoezi ya miezi. Lakini atakuwa ameondoa lawama isiyo na msingi. Mshale ukikosa, atajua kwamba kosa ni la mkono wake, na kosa la mkono hurekebishwa kwa kujifunza. Wala hatahitaji kuuza mbuzi anunue upinde wa pili, ilhali kilichokosekana kilikuwa kijiti kimoja kilichopimwa vema.